Chenga na Kamba: Nilivyozijua Gritsi za Charleston

Kwetu Tanga chenga za mahindi ni chakula cha vifaranga. Mama akichekecha unga wa dona uani, zile punje zilizovunjika bila kusagika hubaki juu ya chekeche, nyeupe na ngumu, na kuku wote wa nyumba huwa wameshasogea. Anatikisa mara ya mwisho, anawamwagia. Mchele wa chenga tulikula bila shida, maana ulikuwa rahisi dukani na kwa vitumbua ulitosha. Lakini chenga za mahindi hazikuwahi kuingia chunguni kwetu Ngamiani.

Mwaka wa saba sasa naishi South Carolina, pwani ya kusini-mashariki ya Marekani, na chakula ninachokipenda kuliko vyote huku ni hizohizo chenga za mahindi, zimechemshwa mpaka zikalainika, juu yake mchuzi wa kamba. Wenyewe wanaziita gritsi. Waswahili wengi ninaowafahamu huku hawazitaki. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp nimesoma mara nyingi kwamba ni uji ulioshindwa kuwa ugali, na mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa miaka miwili mizima. Tulikosea, na nataka nieleze tulikosea wapi.

Mara ya kwanza nilizila kantini ya kazini, North Charleston, asubuhi ya Januari yenye baridi ya kuuma masikio. Aliyekuwa anagawa alichota kwa upawa kitu cheupe, chepesi, kinachong'aa, akanimiminia kwenye bakuli. Nikaona uji. Nikatia sukari vijiko viwili kama ningefanya nyumbani. Dada mmoja niliyekuwa nafanya naye kazi, mzaliwa wa hapahapa, alinitazama kwa huruma, akanisogezea chumvi, pilipili manga na kipande cha siagi. Nilikuwa nimeshachelewa. Nilikula bakuli lote kwa sababu sikulelewa kutupa chakula, lakini sikusikia ladha yoyote ya mahindi mle ndani.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba kweli ladha haikuwamo. Madukani huku kuna gritsi za aina tatu. Kuna za papo hapo, zimeshapikwa kiwandani na kukaushwa, unazimwagia maji ya moto tu. Kuna za haraka, zimesagwa laini na kuondolewa kiini, zinaiva kwa dakika tano hadi saba. Halafu kuna za jiwe: mahindi makavu yamepita kati ya mawe mawili, yakavunjwa na kiini chake. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapa. Hiyo ni habari ya sembe na dona. Ukifungua mfuko wa gritsi za jiwe unanusa mahindi, harufu ile ya ghalani baada ya mavuno, na unatakiwa uziweke kwenye friza kwa sababu kiini kina mafuta na mafuta hayo huchacha. Za kantini hata uziache juu ya kabati mwaka mzima hazibadiliki, kwa kuwa kilichokuwa kibadilike kilishatolewa. Anayezihukumu gritsi kwa zile za papo hapo hajazionja bado.

Aliyenionjesha za kweli ni jirani yangu. Alizaliwa Johns Island, kisiwa kilicho kusini-magharibi ya mji wa Charleston, wakati ambapo, kwa maneno yake, barabara ya lami ilikuwa hadithi. Yeye ni Mgullah, wale watu weusi wa visiwa na mwambao wa huku, wajukuu wa Waafrika waliotiwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, ambao kwa kukaa visiwani mbali na wengine walihifadhi lugha yao, vikapu vyao vya nyasi na mapishi yao. Sehemu za Georgia wanaitwa Geechee. Mwaka 2006 Bunge la Marekani liliutambua rasmi ukanda wao wa urithi, kuanzia North Carolina hadi Florida.

Kusini mwa Marekani mtu mzima haitwi jina kavu, hilo tunafanana nao. Nilimweleza kwamba kwetu mwanamke wa umri wake tungemwita Bibi. Akalijaribu neno mdomoni mara mbili tatu. "Basi niite hivyo, mwanangu," akasema, na tangu siku hiyo hana jina jingine kwangu.

Jumamosi moja ya Septemba alinigongea mlango. Mjukuu wake alikuwa amerudi kutoka majini na ndoo ya kamba, na mikono ya Bibi ina baridi yabisi, hawezi kumenya wengi. Nikaenda na kisu changu. Kamba walikuwa wadogo, kama urefu wa kidole cha kati, wenye kichwa na sharubu zao, karibu uone upande wa pili. Tulikaa barazani tukiwamenya juu ya gazeti, na upepo ulikuwa unaleta harufu ya tope kutoka kwenye vinamasi vya maji ya chumvi. Wageni wa mji huu huziba pua. Mimi nilivuta pumzi. Ni tope lilelile la mikokoni maji yakitoka, ila huku hakuna mikoko, kuna nyasi ndefu tupu mpaka macho yanapoishia.

"Vichwa usitupe," Bibi alisema. Nikamwambia kwetu pia hatutupi.

Jikoni aliniuliza kama najua kupika homini. Nikasema silijui hilo. Akanionyesha sufuria ya chenga zilizolowekwa tangu usiku. Watu wa zamani wa Charleston, alinieleza, chenga zikiwa mbichi wanaziita gritsi, zikishaiva ni homini. Wageni linawachanganya jambo hili. Sisi tunaosema mpunga shambani, mchele dukani na wali mezani hatuwezi kulishangaa.

Nitaeleza anavyopika, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapoharibu. Kikombe kimoja cha chenga, vikombe vinne vya maji. Usiku uliotangulia anazimwagia maji, anakoroga kwa mkono, anangoja zitulie. Maganda membamba yanaelea juu, anayaondoa kwa kichungi cha chai. Anakoroga tena, anangoja, anaondoa tena, mpaka juu pabaki maji tu. Ni kupeta kwa maji badala ya ungo. Asubuhi anabandika sufuria na maji yaleyale zilimolala, anatia chumvi mapema, na hapo hasogei. Anakoroga kwa mwiko wa mbao, chini kabisa ya sufuria, mpaka dakika ya nane au ya kumi ambapo maji yanaanza kushikana na mwiko unakuwa mzito. Kabla ya hapo ukiziacha zinatua chini na kuungua. Zikishashikana anapunguza moto uwe mdogo kuliko unavyodhani, anafunika, na kila baada ya dakika kama kumi anafunua, anakoroga, na zikikaza anaongeza maji ya moto au maziwa kidogo. Saa nzima inapita hivyo, na wakati mwingine inafika saa na nusu.

Nilipoona zimekuwa nzito nikadhani zimeiva. Nikauliza kama nisonge. Mkono wangu ulitaka kusonga, maana ulizoea ugali, unakandamiza mwiko ukutani mwa sufuria na kugeuza. Bibi akaniwekea mkono begani.

"Hizi hazipigwi, mwanangu. Kaa kitini ukoroge. Ukikoroga umesimama utaharakisha."

Nikakaa. Aliniambia nionje kila baada ya muda na nisikilize meno: kama bado kuna punje inayokwaruza katikati, hazijaiva, hata kama kwa macho zimeiva. Zikiiva kweli, kila chenga iko peke yake lakini laini, na zote pamoja zinateremka kwenye upawa polepole kama mtori. Hapo tu ndipo anapotia siagi. Jibini hatii. Mikahawa ya mjini inaweka jibini nyingi, naye ana neno moja juu ya hilo, kwamba anayeficha mahindi ameuziwa mahindi mabaya. Nakubaliana naye kabisa.

Huku gritsi zinajiiva, vichwa na maganda ya kamba vilikuwa kwenye jiko la pili. Alivikaanga kwa mafuta kidogo mpaka vikawa vyekundu na nyumba nzima ikanukia, akatia kitunguu kilichokatwa vipande viwili na shina la selari, maji, akaacha vichemke kama nusu saa, akachuja. Supu hiyo ilikuwa na rangi ya kutu. Kisha kwenye kikaango kizito cha chuma, ambacho ni cha mama yake, akakaanga kitunguu, pilipili hoho na kitunguu saumu, akanyunyiza vijiko viwili vya unga wa ngano, akaukoroga ndani ya mafuta mpaka ukageuka rangi ya karanga iliyokaangwa. Akamimina supu kidogokidogo. Mchuzi ukashika. Kamba walikuja mwisho kabisa, dakika mbili, hazikutimia tatu. "Akijikunja nusu yuko tayari," alisema. "Akijikunja mviringo umemuua mara ya pili." Ndimu, pilipili, majani ya kitunguu, basi.

Alipopakua, gritsi zilikaa katikati ya sahani na mchuzi ukazizunguka kama maji yanavyozunguka kisiwa. Nilikula kwa kijiko, kisha nikataka kula kwa mkono nikajizuia. Utamu wa mahindi ulikuwa chini, mtulivu, na chumvi ya bahari juu yake. Sikutafuta sukari.

Nilipomaliza nikaona sufuria iko kwenye sinki, inataka kumwagiwa maji. Chini yake kulikuwa na ukoko wa rangi ya dhahabu. Nikamwomba Bibi anipe kwanza. Aliniangalia kwa muda, akasema hajamwona mtu anaomba hicho tangu dada zake walipokuwa hai, kwamba utotoni waliugombania mpaka mama yao akawa anaugawa kwa kijiko, sawa kwa sawa. Tukaukwangua pamoja.

Sasa, huu ulaji umetoka wapi? Nimeuliza na kusoma kwa sababu mgahawani utaambiwa ni chakula cha "Kusini", kana kwamba Kusini ni mtu mmoja aliyesimama jikoni. Mahindi ni ya wenyeji wa asili wa bara hili. Wamuskogee, mojawapo ya makabila ya wenyeji hao, waliyavunja na kuyapika uji karne nyingi kabla ya Wazungu kufika, na bado wana uji wao wanaouita sofki. Hata neno homini lina asili ya lugha ya wenyeji wa Virginia. Wenyeji hao walichemsha mahindi kwa maji ya majivu ili yatoke ganda, kama sisi tunavyotia magadi kwenye kande, na kumbe majivu yale yalifanya kazi kubwa kuliko kulainisha: yanafungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya mahindi. Waliokuja baadaye walichukua mahindi wakaacha majivu. Mwanzoni mwa karne ya 20, maskini wa Kusini, weusi kwa weupe, walipokuwa wanaishi kwa unga wa viwandani uliotolewa kiini, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe, ugonjwa wa pelagra, unaotokana na upungufu wa niasini hiyo, uliwaua kwa maelfu. Mwaka 1914 serikali ilimpa daktari Joseph Goldberger kazi ya kuuchunguza. Wengi walidhani unaambukiza. Yeye alionyesha kwamba chanzo ni sahani. Kila ninaposikia mtu nyumbani akisema dona ni ya maskini na sembe ni ya wenye nafasi, namkumbuka huyo daktari.

Na kamba je? Hapa historia inauma. Mwambao wa Carolina ulitajirika kwa mpunga, na mpunga huo ulilimwa na Waafrika, tena wengi walitoka sehemu za Afrika Magharibi walikoujua mpunga vizuri kuliko mabwana zao. Mchele mzuri ulipakiwa merikebuni. Mgao wa mtumwa ulikuwa, kwa kawaida, kama kilo 6 za mahindi kwa wiki, mara nyingi asage mwenyewe usiku. Lakini mashamba ya huku yaliendeshwa kwa ngwe. Sina neno jingine zuri zaidi ya hilo letu: mtu alipimiwa kipande, mara nyingi robo eka, na akimaliza ngwe yake, saa zilizobaki za siku zilikuwa zake. Katika saa hizo alilima bustani yake, na alishuka kijitoni na wavu. Mahindi ya bwana, kamba wa Mungu. Sahani hii ilianzia hapo, na kwa miaka mingi ilibaki kifungua kinywa cha wavuvi na familia zao, msimu wa kamba ukifika.

Kitabu cha mapishi cha Charleston cha mwaka 1930 kinayo tayari, kamba na homini, kamba wamekaangwa kwa siagi tu. Kisha ikakaa kimya mpaka mpishi Bill Neal alipoipika kwenye mgahawa wake wa Crook's Corner, Chapel Hill, North Carolina, akaongeza nyama ya nguruwe ya moshi, uyoga na jibini, na mwaka 1985 Craig Claiborne wa gazeti la New York Times akaiandika. Tangu hapo haishikiki. Simlaumu Neal, alipika vizuri na aliipa heshima. Linaloniuma ni kwamba unaweza kukaa hoteli ya Charleston, ukalipa bei ya kilo tatu za kamba kwa sahani moja, ukasoma maelezo marefu ya mpishi alivyobuni, na neno Gullah lisiwemo hata mara moja.

Mjukuu wa Bibi alinichukua majini Septemba iliyofuata. South Carolina ina msimu wa siku 60 unaoanza katikati ya mwezi huo, ambapo mwenye kibali anaruhusiwa kuvua kamba kwa chambo. Unachomeka miti kwenye maji ya kina kifupi kando ya kinamasi, kwenye kila mti unatupa madonge ya udongo yaliyochanganywa na unga wa samaki, unangoja kamba waje kula, unazunguka na boti kutoka mti hadi mti. Kipimo cha boti kwa siku ni kama lita 45 za kamba wenye vichwa. Sheria inataka chombo kimoja tu cha kuvulia, na nilipokiona nilinyamaza: kimia. Wavu wa mviringo, chubwi za risasi ukingoni, kamba ya mkononi. Alikikunja begani, akashika ukingo mmoja kwa meno, akajipinda, akatupa, nao ukafunguka hewani kama mwavuli na kuanguka majini duara kamili. Mjomba wangu wa Tongoni alishika kimia vilevile, ukingo mmoja mdomoni, na alikuwa na jino la mbele lililovunjika kwa chubwi. Nilimwambia kijana hilo. Akafunua mdomo akanionyesha lake.

Nirudi jikoni, kuna jambo ambalo wasomaji Waislamu wataniuliza. Vyungu vingi vya Kusini vina nguruwe, na hata mboga za majani huungwa kwa mafuta yake. Mchuzi wa kamba wa mikahawani karibu kila mara huanza na nyama ya nguruwe ya moshi au soseji. Mimi huuliza kabla sijakaa, na nauliza habari ya gritsi zenyewe pia, siyo mchuzi tu. Nyumbani kwa Bibi sikuhitaji. Daktari alimkataza nguruwe kwa sababu ya presha, na kama familia nyingi za watu weusi huku amehamia shingo na mabawa ya bata mzinga yaliyokaushwa kwa moshi. Anazichemsha mpaka nyama inaachia mfupa, anaichambua na kuitia kwenye mchuzi kabla ya unga. Moshi unapatikana, chumvi inapatikana, na mimi nakula kwa amani.

Wala msidhani ni kamba pekee. Jumamosi asubuhi nyumba nyingi za watu weusi huku zinanuka samaki wa kukaanga, samaki wembamba waliopakwa unga wa mahindi na pilipili, wanaowekwa juu ya gritsi pamoja na mchuzi mkali wa chupa. Kuna kababu za samoni wa kopo, za siku ambazo mfuko umekauka, na ni tamu kuliko zinavyosikika. Majira ya baridi Bibi anafungua chaza, anawapasha kwa maji yao wenyewe na siagi mpaka kingo zijikunje, anamimina juu. Na kiporo: gritsi zilizobaki anazisawazisha kwenye sinia, zinalala kwenye friji, kesho yake zimeganda kama mkate wa sinia. Anakata vipande, anakaanga. Nje panakuwa pakavu, ndani laini. Kiporo cha ugali cha kukaanga na chai ya rangi, mwenye kukijua amenielewa.

Mara moja nilimpikia mimi. Gritsi sikuzigusa, maji na chumvi tu kama alivyonifunza, ila juu nikaweka kamba wa nazi: kitunguu, nyanya, bizari, tui la kopo kwa kukosa nazi ya kukuna, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa. Bibi alikula bila kusema. Kisha akauliza kama hilo tui linapatikana duka gani. Kisha akasema siku nyingine nipunguze ndimu, na nikapunguza.

Kuna siku nilinunua mfuko wa gritsi za jiwe wenye jina la mbegu: Hickory King. Punje zake ni nyeupe, pana na bapa. Nikaanza kulifuatilia jina hilo. Hickory King ni mahindi ya zamani ya kusini mwa Marekani. Yalivushwa bahari hadi Afrika Kusini, na mwanzoni mwa karne ya 20 walowezi wakayafikisha Kenya, yakachanganyika na mbegu nyingine shambani, yakazaa mahindi meupe ya punje bapa ambayo wakulima wa nyanda za juu waliyafanya yao. Kizazi hicho ndicho watafiti wa Kitale walichokikutanisha na mahindi ya Ecuador kupata H611, chotara iliyotoka mwaka 1964. Niliufunga mfuko nikauweka mezani. Zile chenga za Bibi na ule ugali wa Kenya ni binamu. Tulikuwa tunabishana juu ya kitu kilichotoka ghala moja.

Desemba iliyopita nilikwenda Tanga. Sikubeba gritsi. Nilikwenda mashineni na kilo tano za mahindi meupe, nikamwomba kijana aweke chujio la matundu makubwa.

"Dada unafuga kuku wangapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ni za kula. Akacheka, lakini akabadilisha chujio. Nyumbani nilipeta kwa ungo, nikachekecha unga ukatoka, nikapata chenga safi kama kilo mbili na nusu. Nililoweka usiku kucha. Asubuhi nilishuka soko la samaki la Deep Sea kabla jua halijawa kali, nikanunua kamba kwa akina mama wanaouza kwa mafungu, nikarudi, nikabandika sufuria kwenye jiko la makaa na kuyatenganisha makaa mpaka yakabaki matatu. Mama alikuja kusimama mlangoni. Alisema chenga zitamwumiza tumbo baba yako. Akasema mbona hausongi. Akasema moto huo hata maharage hayaivi. Nikavuta kigoda nikakaa, nikaendelea kukoroga.

Saa moja na robo ilipita. Nilipopakua, baba alikula sahani mbili na kuuliza kama ni bokoboko la aina mpya. Mama alikula yake taratibu, akawa anazitafuna kama anayetafuta punje ngumu imkwaruze, na hakuipata. Hakusema ni tamu wala si tamu. Aliinuka, akaivuta sufuria karibu yake, akachukua kijiko, akaanza kukwangua ukoko.